Duara la Penseli

Haya yalimpata rafiki yangu, mwanafunzi wa shahada ya muziki, naye si mtu wa kutia chumvi. Mtihani wa piano ulikuwa umemshinda mara mbili, palepale, ukurasa wa tatu. Akishindwa tena kesho yake, chuo basi.

Mchana ule alikwenda chumba cha mazoezi kufuta alama za penseli kwenye nota zake, maana watahini hutaka karatasi safi. Mwalimu wake, tuliyekuwa tumemzika mwezi mmoja kabla ya siku hiyo, Mungu amrehemu, alizoea kuzungushia duara kila kosa.

"Umerudi kutuumiza masikio, binti?" mtunza funguo alimtania.

"Leo nafuta tu, mzee."

"Mwalimu wako angekufuta wewe kwanza!"

Alifuta yote, akapuliza vumbi la raba, akajaribu kupiga. Ukurasa wa tatu akakosea. Akarudia, akakosea.

"Ee Mola, vidole hivi nivikate?"

Umeme ukazimika. Chumba hakikuwa na dirisha. Kwa hasira akapiga gizani, kwa kukariri, na mara hii pale pagumu akapapita salama.

Hapo akasikia karatasi ikifunuliwa. Kisha penseli ikakwaruza, taratibu, karibu na sikio lake. Akaondoa mikono kwenye piano. Penseli haikukoma mpaka ilipomaliza.

Umeme uliporudi, nota zilikuwa wazi kwenye ukurasa wa mwisho. Palikuwa na duara moja, kama yale ya mwalimu, mahali ambapo bado hakuwa amewahi kukosea. Alipoligusa, kidole kikatoka cheusi kwa unga wa penseli.