Taa ya Begani

Ukumbi mkubwa wa Chuo cha Uhandisi wa Mawingu, Dodoma, uliwaka rangi nne kwa mpigo mmoja. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alikuwa amebandikwa begani kidude kidogo kama punje ya haragwe, na kila kidude kiliwaka kulingana na kilichomo kichwani mwa mwenye bega. Kijani ni A. Buluu ni B. Njano ni C. Nyekundu haikuhitaji maelezo. Aliyekuwa nayo alielezwa na macho ya majirani zake.

"Hiki ni kipimamaarifa," alisema Profesa Kokuhirwa, mama mrefu mwenye sauti ya taratibu, ambaye ndiye aliyekibuni. "Kinasikiliza unachosema na kusoma mapigo ya shingo yako. Ukijibu kwa uhakika, taa inapanda. Ukisitasita, au ukiuliza jambo ulilopaswa kulijua, inashuka. Mambo ya kusubiri matokeo hadi mwisho wa muhula yamekwisha. Saa yoyote utajua ulipo."

Wanafunzi wakapiga makofi. Laiti wangejua, makofi hayo wangeyaweka akiba.

Hata kabla ya chakula cha jioni, kipimamaarifa kilikwishapata jina la mtaani: kasuku. Anakaa begani na hana siri.

Maimuna Kisuda alikuwa ametoka Kondoa, na tangu darasa la kwanza hakuwahi kushika namba mbili. Siku ya kuondoka, mtaa mzima ulimsindikiza hadi kituo cha treni ya sumaku. Imamu aliomba dua, mwalimu mkuu alitoa machozi, na mbuzi mmoja asiye na kosa alipoteza maisha. Mtu aliyeagwa hivyo hategemei kupata shida na chuo. Shida yenyewe ilikuwa haijapewa taarifa.

Ilimkuta kwenye somo la kwanza. Profesa alikuwa anaeleza mitegawingu, ile minara myembamba inayouzunguka mji. Kazi ya mnara ni kuvuta unyevu ulioko juu sana angani, kuukusanya uwe wingu, kisha kulinyunyizia wingu hilo chumvi laini ili matone yaumbike na mvua inyeshe juu ya mashamba ya zabibu. Maimuna akanyoosha mkono, kama alivyozoea.

"Samahani, Profesa. Hiyo chumvi inalifanya nini tone?"

Taa yake, iliyokuwa buluu, ikawa njano. Alipoongeza, "Na kwa nini chumvi, si mchanga?" ikawa nyekundu. Ukumbi ukageuka kumtazama. Kuanzia mstari wa mbele hadi wa nyuma, hakuna mwingine aliyenyoosha mkono siku hiyo.

Jioni, mwenzake wa chumbani alimpokea mlangoni. Huyu alikuwa Felista Ngonyani, mtoto wa Songea, ambaye mdomo wake ulitoka kiwandani bila breki.

"Dada wa Kondoa, umekuja kusoma au kusimamisha magari? Mbona nyekundu hivyo?"

"Niache, Felista."

"Nikuache niende wapi, na chumba ndicho hiki hiki? Tena usijali. Umeme ukikatika tutasomea bega lako."

Maimuna alicheka kidogo, kisha akajifunika shuka na kulia kimyakimya. Sheria ya chuo aliijua vizuri. Nusu ya alama za muhula hutoka kwenye taa na nusu kwenye mtihani wa mwisho. Jumla ikikosa kufika C, yaani hamsini, unapata disko, neno la wanachuo tangu enzi za mababu, maana yake funga mizigo urudi kwenu. Arudi Kondoa na uso gani? Mbuzi awe amekufa bure?

Basi akajifunza kunyamaza. Alisema yale tu aliyokuwa na hakika nayo, na asipokuwa na hakika alitikisa kichwa kama mtu anayetafakari. Taa ikapanda polepole hadi njano. Mama yake alipopiga simu, alimwambia, "Naendelea vizuri." Hakuwa anaendelea popote. Chumvi inalifanya nini tone, bado hakujua.

Wala hakuwa peke yake. Chuo kizima kilikuwa kimeshikwa na ugonjwa huo. Kantini, kijani walikula na kijani, na njano wakala na njano. Wapenzi waliachana kwa sababu ya rangi. Pale kwenye vimbweta, meza za saruji chini ya miti ambako wanachuo husoma kwa makundi, wanafunzi walikaa saa nzima kila mmoja akikariri alichokwishakijua, bila hata mmoja kumuuliza mwenzake swali.

Kundi la Maimuna lilikuwa la watu watatu: yeye, Felista, na Lukumay, kijana mpole kutoka Arusha ambaye taa yake ilikuwa kijani tangu siku ya kwanza. Waliwekwa pamoja kwa ajili ya mtihani wa mwisho, unaofanywa kwa vitendo. Felista alimheshimu sana Lukumay, yaani alimtania kwa sauti ya chini.

Siku moja, jua lilipokuwa linaelekea kuzama, mtihani ukiwa umekaribia, Felista alichoshwa na ule ukimya. Akafunga desa lake, lile bunda la maandishi ya kukariri, kwa kishindo.

"Kitendawili!"

"Tega," wenzake wakajibu bila kufikiri, kama anavyojibu mtoto yeyote wa nchi hii.

"Nikimpiga mwanangu, watu hucheza."

Maimuna alikwishalijua jibu tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, akamwachia Lukumay. Lukumay akakunja uso. Akatazama juu. Mapigo ya shingo yake yakaanza kwenda mbio. Mbele ya macho yao, taa ya kijani ikawa buluu, ikawa njano, ikawa nyekundu.

"Mungu wangu," Felista akanong'ona. "Kasuku anahesabu hata vitendawili!"

"Sijui," alisema Lukumay. Neno lilimtoka kwa shida, kama mwiba mguuni.

"Hujui? Toa mji!"

Ndiyo desturi yenyewe. Ukishindwa kitendawili hupigwi wala husemwi. Unampa mtegaji mji, anajivuna nao kidogo, kisha anakupa jibu.

"Haya. Chukua Arusha."

"Nimekwenda Arusha," Felista akasimama juu ya kimbweta, "nikapokewa kwa nyama choma, nikapewa mlima nikaukataa kwa kuwa hauingii chumbani, nikauliza yuko wapi Lukumay, wakasema yuko Dodoma anashindwa na watoto. Jibu ni ngoma!"

Wakacheka mpaka watu wa meza za jirani wakageuka. Lukumay alicheka kuliko wote. Alipotulia, akalitazama bega lake jekundu, akashusha pumzi.

"Kwa kuwa nimekwisha kuharibikiwa, naomba kuuliza jambo. Kwa nini matone madogo yanapotea angani na makubwa yanafika chini? Tangu muhula uanze sijaelewa."

"Wewe?" Maimuna akashtuka. "Wewe wa kijani?"

"Kijani ni ya kunyamaza, Maimuna. Nilidhani mnajua."

Maimuna alihisi kama mtu aliyebeba gunia peke yake kwa miezi, kisha akageuka na kuona barabara nzima imebeba magunia. Jibu la swali la Lukumay alikuwa nalo. Akaketi vizuri.

"Toa mji kwanza," alisema.

Kuanzia jioni ile hawakusoma tena kwa namna nyingine. Kila swali lilitegwa, kila asiyejua alitoa mji, kila aliyejua alisafiri, akajivuna, akarudi na jibu. Maimuna aliuliza habari ya chumvi, akatoa Singida, na hatimaye akaambiwa: chumvi huvuta maji, tone linapata mahali pa kushika na kunenepa. Kumbe ni hivyo tu! Felista aligawa miji yote ya kusini, akaanza kugawa ya watu.

Na kasuku wao watatu waliwaka nyekundu kama makaa. Wanafunzi wengine walihama vimbweta vya karibu, wakawapita mbali kama nyumba yenye surua.

"Tutafukuzwa," Maimuna alisema siku ya mwisho.

"Tutafukuzwa tukiwa tunajua," Felista akajibu. "Wengine watabaki wakiwa hawajui. Nani ana hasara?"

"Sisi, Felista. Sisi ndio tutakaopanda treni."

Felista akalifungua tena desa lake. "Basi tega," alisema.

Mtihani ulifanyika ndani ya kuba, jumba la kioo lililojazwa hewa kavu kama ile ya Dodoma yenyewe. Chini palipandwa miche ya zabibu, pakatandazwa mabomba ya kuimwagilia. Juu palifungwa mtegawingu mdogo. Kila kundi lilitakiwa kuleta mvua, mbele ya Profesa na darasa zima.

Kundi la kwanza, kijani tupu, lilivuta wingu zuri la kupendeza. Mvua ikaanza. Ikashuka kama ndevu za kijivu, ikafika katikati ya kuba, ikatoweka. Wakaongeza chumvi. Ndevu zikarefuka kidogo, zikatoweka tena. Ardhi ikabaki kavu.

"Mvua imenyesha, Profesa," alisema kiongozi wao bila kupepesa macho.

Taa yake ikaendelea kuwaka kijani. Profesa Kokuhirwa akaitazama taa, kisha akautazama udongo. Makundi yaliyofuata yakafanya vivyo hivyo na kusema vivyo hivyo.

Ikafika zamu ya wale wekundu. Minong'ono ikapita. Lukumay akashika vishikio vya mtegawingu, akavuta wingu, akanyunyiza chumvi. Ndevu zikashuka, zikatoweka. Mkono wake ukasogea kuongeza chumvi kama wenzake, kisha ukasimama hewani.

"Sijui," alisema kwa sauti.

Darasa likaguna. Mtu akacheka.

"Maimuna, kimenishinda. Chukua Moshi."

Maimuna alihisi macho yote shingoni mwake, na kasuku akayahesabu mapigo. Alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Akafungua mdomo.

"Nimekwenda Moshi, nimerudi upesi. Tone linaliwa njiani. Hewa ya chini ni kavu mno, inalinywa kabla halijafika." Akamgeukia Felista. "Lakini tufanye nini, mimi sijui. Felista, chukua Kondoa."

"Umempa kwenu?" Lukumay akashangaa.

"Nimempa kwetu."

Felista akajinyoosha. "Nimekwenda Kondoa, nikakaribishwa asali, nikamkuta imamu..."

"Binti," Profesa akakatiza, "huu ni mtihani, si baraza."

"Shikamoo, Profesa. Nafika. Hewa ya chini ina njaa. Mwenye njaa huwezi kumpitishia sinia mbele ya uso ukategemea lifike kwa jirani. Mshibishe kwanza! Tufungue mabomba ya miche, tuyageuze yapulize ukungu kuelekea juu. Hewa ikishiba, itaiacha mvua ipite."

Watatu wakatazamana. Hakuna aliyekuwa na hakika. Taa zao zilikuwa nyekundu hadi zikakaribia kulia. Maimuna akafungua mabomba mwenyewe.

Ukungu mwembamba ukapanda kutoka kwenye miche. Wingu likaning'inia. Ndevu zikashuka, zikafika katikati, zikasitasita, zikaendelea. Tone la kwanza likapiga jani la mzabibu. La pili likapiga udongo, vumbi likaruka. Kisha ikaja yote, kwa kishindo, kuba zima likipigwa kama ngozi ya ngoma, na darasa lililokuwa limekaa kwa rangi likasimama kwa pamoja.

"Imefika chini!" mtu akapiga kelele. "Imefika chini!"

Sauti ya mtambo unaojumlisha taa ikatangaza bila haya: "Kundi hili, nyekundu. Pendekezo, disko."

Profesa Kokuhirwa aliweka kiganja kwenye kioo kilicholowa.

"Minara ya mji huu," alisema, "inavuta mawingu kila msimu, na wakulima wanalia ukame. Nikiwauliza wahandisi wangu, kila mmoja ananiambia mvua imenyesha. Wote niliwalea waogope kusema hawajui, na taa hii ni hofu ile ile." Akageuka. "Nani kati yenu alikuwa anajua jibu lote?"

"Hakuna, Profesa," Maimuna akajibu. "Kila mmoja alikuwa na kipande. Tusingesema tusichokijua, visingekutana."

Mama yule akacheka, kicheko cha mtu anayeumwa jino lililokwisha kung'olewa. "Kasuku wangu anasoma shingo vizuri sana. Sikumfundisha kutazama ardhi. Sheria ni sheria: taa, sifuri. Mtihani, mia. Gawanyeni wenyewe."

Lukumay alikuwa wa kwanza kumaliza hesabu. "C," alisema. "Ni C!"

"C tatu!" Felista akaruka. "Tumebaki! Jamani, tumebaki!"

Wale wa kijani wakaja mbio, wakawanyanyua juu juu. Kiongozi wa kundi la kwanza alimshika Maimuna mkono na kumuuliza, tena mbele za watu, "Hebu nieleze, hiyo chumvi inalifanya nini tone?" Taa yake ikashuka mpaka nyekundu, na hakushughulika hata kuitazama.

Muhula wa pili kasuku walibanduliwa mabegani, wakapelekwa maabara kufundishwa upya. Minara ya Dodoma nayo ikafungwa vipulizia ukungu chini yake, na wanafunzi watatu wakaitwa kuviwasha. Siku hiyo wauza zabibu hawakukimbilia barazani. Walisimama katikati ya barabara wakiwa wamefungua midomo juu, kama vifaranga. Maimuna alikuwa chini ya paa la bati la kibanda cha mnara, amelowa chapachapa, simu ilipoita.

"Mwanangu, mbona sikusikii? Kelele gani hiyo?"

"Mvua, mama! Tumeinyesha sisi!"

"Alhamdulillahi! Na matokeo je? Umepata ngapi?"

Maimuna hakusitasita. "C, mama."

Mvua ikaendelea kulipiga bati.

"Kwa hiyo hiyo ninayoisikia," mama akauliza polepole, "ndiyo C?"

"Ndiyo yenyewe."

"Basi mwanangu, ukiitafuta hiyo A, taratibu. Nyumba yetu iko bondeni."