Nasike Anataka Kuwa Meneja

Nasike alikuwa anafua nguo nje ya nyumba yao ya kupanga, mtaa wa Migosi, alipomwona Sheryl akipita na kitambulisho cha kazi shingoni. Sheryl alimpungia mkono. Nasike akainamia beseni, akajifanya hakumwona.

Walisoma darasa moja chuoni, wakapata digrii ya usimamizi wa biashara. Sasa Sheryl alifanya kazi kwenye ghala la samaki, mtaa wa Otonglo. Nasike alikuwa bado nyumbani, na wivu ulimkaba mpaka akaacha kupokea simu za rafiki yake. Tena tangu sherehe ya kuhitimu, ile ya mahema na spika kubwa, kanisa lao zima lilimwita Meneja. Sasa Meneja aombe kazi ndogo?

Jioni jirani yao, Dolphine, alikuja kuomba chumvi. Dolphine ni afisa wa kuajiri watu katika hospitali moja mjini.

"Sheryl ana bahati tu," Nasike alilalamika. "Darasani nilimshinda."

"Wewe unaomba kazi gani?"

"Ya meneja."

"Umewahi kusimamia nani?"

Nasike akainuka kutafuta chumvi. Mama yake, aliyekuwa akisikiliza, akacheka mpaka akafuta macho.

Dolphine akaketi. "Sikia, mdogo wangu. Digrii hiyo ina kazi nyingi. Kuna ununuzi, unatafutia kampuni vitu vizuri kwa bei nzuri. Kuna ghala, kuna masoko, kuna kuajiri watu, kama kazi yangu. Shule na vyama vya ushirika vinataka watu wa utawala. Lakini unaingia kama msaidizi. Umeneja utaupata ukiwa ndani. Unapenda nini?"

"Kubishana bei," Mama akamjibia. "Wauza mboga wa soko la Kondele wanamkimbia."

"Basi jaribu ununuzi. Muulize Sheryl aliingiaje."

"Nimuulize Sheryl? Afadhali nikae."

Lakini Jumapili alienda. Sheryl alimpa chai, akasema kwa woga, "Mwezi uliopita walitafuta msaidizi wa ununuzi pale kwetu. Nilikupigia, hukushika. Kukuandikia nikaogopa. Watu wanakuita Meneja, nikadhani utaona nimekudharau. Wameshachukua mtu."

Nasike alitamani kulia. Hakuna mtu aliyemnyima kazi hiyo, alijinyima mwenyewe.

"Nisaidie kuandika barua," akasema.

Waliandika pamoja. Wakaeleza jinsi Nasike alivyonunua chakula cha kambi ya vijana wa kanisa na kikatosha. Baada ya barua kadhaa, shule moja ya bweni ilimchukua ajifunze kazi ya ununuzi. Alilinganisha bei za wauzaji, akarudisha maharagwe mabovu, na mwisho wakamwajiri.

Juzi Sheryl alipandishwa cheo, sasa anasimamia ghala lote. Nasike aliposikia, roho ilimuuma tena, haki ya Mungu. Akazungukazunguka jikoni. Halafu akavaa viatu, akaenda kwa Sheryl.

"Hongera," akamwambia mlangoni. "Nakuonea wivu kabisa. Hebu nieleze ulifanyaje."

Sheryl akacheka, akamsogezea kiti.