Barua Zilizonyooka Pande Zote Mbili

Foleni ya posta, pale karibu na Mnara wa Saa, ilikuwa imefika barabarani siku Koikai Lukumay alipomkanyaga Anaeli Nanyaro. Ilikuwa mwaka 1991, biashara zimefunguliwa, na Arusha nzima kila mwenye meza alikuwa ameweka kitu juu yake akiuza. Anaeli alivaa gauni la rangi ya papai lenye mkanda mweupe. Viatu navyo vilikuwa vyeupe, na vilikuwa na siku mbili tu tangu vinunuliwe.

"Kaka, kwenu watu hawana miguu?"

"Nisamehe, dada. Nilikuwa nahesabu."

"Unahesabu nini kwenye foleni?"

"Dirisha moja, kila mtu dakika nne. Wewe utafika saa saba na robo, na wao wanafunga saa saba."

Anaeli akamcheka. Saa saba kamili dirisha likafungwa, mbele yake wamebaki watu wanne.

Leo huyo ni Profesa Lukumay, mtu wa kompyuta, ambaye wanafunzi humpisha njia. Siku ile alikuwa kijana wa Oldonyo Sambu mwenye digrii ya hesabu na koti la kuazima kwa shemeji yake, mikono imemfunika vidole. Mfukoni alikuwa na barua ya kuomba nafasi ya masomo Ujerumani.

"Hebu niione," Anaeli alisema, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchapa, katika duka la vifaa vya ofisi ng'ambo ya barabara. Aliifungua, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. "Huu ni mwandiko, au kuku amepita hapa na miguu yenye majivu? Mjerumani gani atausoma? Njoo nikuchapie."

Akamchapia. Kesho yake Koikai akarudi na barua nyingine, na keshokutwa nyingine. Irine, aliyekaa meza ya pili, akasema, "Huyu anaomba masomo au anakuomba wewe?" Siku moja Anaeli alimkalisha Koikai mbele ya mashine ajaribu mwenyewe. Kwa kidole kimoja alichukua nusu saa kuchapa mstari mmoja, nao ukapanda mlima. Walicheka mpaka mwenye duka akakohoa.

Mungu akafungua mlango, nafasi ikapatikana. Walipoagana chini ya mjakaranda, Koikai alisema, "Nikirudi, tutangazwe kanisani Jumapili tatu."

"Wewe niandikie tu. Jumapili zipo."

Barua ya kwanza ilifika mwezi wa tatu, mwaka uliofuata. Anaeli aliifungua huku Irine anachungulia, na tabasamu lake likakauka. Ilikuwa imechapwa, wala haikuwa na doa la wino mweupe wa kufutia kosa. Tena mistari yote iliishia mahali pamoja: ukingo wa kulia umenyooka kama ule wa kushoto, kama ukuta uliopimwa kwa kamba. Miaka minne ya kuchapa, na Anaeli hakuwahi kuweza hivyo. Kompyuta aliisikia tu, akijua ni mashine ya benki ya kujumlisha.

"Hii imechapwa na fundi," alisema taratibu. "Mwanamke, tena ananizidi. Koikai anakaa pembeni yake anamtajia maneno: mpenzi wangu, ua langu. Na yule anachapa."

Wiki ile simu ya dukani ililia.

"Anaeli, mpenzi! Umepata barua?"

"Nimepata. Nani anakuchapia?"

"Nachapa mwenyewe!"

"Wewe? Kwa kidole kimoja?"

"Sasa natumia viwili! Nilitaka usome bila—" Simu ikakatika.

Uongo wa mtu unayempenda hauna dawa. Anaeli hakumjibu. Barua ziliendelea kuja kila mwezi, miaka mitano, naye akazitia bila kuzifungua katika mkoba wa mama yake uliokatika mkanda. Kuzichoma alishindwa. Mara mbili alishika kiberiti, mara mbili akakirudisha jikoni.

Mama yake, Mama Tabea wa Sekei, aliyaona yote akanyamaza. Lakini mwaka 1996 Hans, mfanyabiashara wa mitumba wa Daraja Mbili, alipotuma wazee, mama akasema, "Mwanangu, Hans ni mtu mzuri, anamcha Mungu. Una miaka ishirini na tisa. Krismasi wanataka jibu."

"Nitawajibu, mama."

Zikiwa zimebaki siku kumi, mchungaji wa usharika akamwita Anaeli ofisini. Anaeli ndiye aliyekuwa akichapa matangazo ya Jumapili. "Tumeletewa kompyuta. Njoo uonyeshwe."

Alipoingia aliona viatu viwili vinatokeza chini ya meza, na waya. Mtu akatoka kinyumenyume, vumbi magotini. Alikuwa amenenepa kidogo, ana miwani. Koti safari hii lilimtosha.

"Anaeli."

"Pole na safari," alisema kama anayemwamkia karani. "Nimesikia wewe ni daktari sasa. Mama anauliza unatibu nini."

"Natibu mashine. Walitaka nibaki kule nifundishe. Nikasema kwetu ng'ombe wanachanjwa mara mbili kwa sababu daftari limepotea, wacha nikaanzie huko." Akavuta kiti. "Kaa. Chapa lolote."

Anaeli alikaa wima. Vidole vyake vilijua kazi. *Kwaya ya akina mama itakutana Jumatano saa kumi.* Akatafuta mkono wa kurudisha mstari, hakuuona. Neno likashuka lenyewe. Akaendelea mistari sita. Ndipo Koikai akanyoosha kidole kimoja, kilekile, akabonyeza, na ukingo wa kulia ukajinyoosha mbele ya macho yake, pii! kama ukuta.

Anaeli aliondoa mikono.

"Nani amefanya hivyo?"

"Mashine."

"Na makosa?"

"Unafuta kabla ya kutoa karatasi."

"Koikai. Miaka mitano nimemchukia huyu," akaigusa mashine, "nikidhani ana nywele na hereni."

"Nani?"

"Mchapaji wako!"

Alipomweleza, Koikai alikaa chini sakafuni palepale. "Kwa nini hukuandika kwa mkono?" Anaeli alimlilia.

"Ulisema mwandiko wangu ni wa kuku."

"Nilikuwa nakutania!"

"Mimi ni mtu wa hesabu, Anaeli. Nikiambiwa kitu nakiamini."

Jioni ile mkoba ulifunguliwa. Barua hamsini na nane, na kila moja iliishia kwa swali moja: je, Jumapili zipo bado? Hans alijibiwa kwa heshima, na mama mwenyewe alikwenda. Hans akasema, "Afadhali sasa kuliko baada ya pete."

Mwezi wa pili, siku ya tangazo la kwanza, Anaeli alikataa kuchapa. "Hili utaandika wewe, kwa mkono wako."

Mzee Eliamini, msomaji wa matangazo, alisimama mbele ya washarika, akainua karatasi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Natangaza ndoa ya... Kokoa? Na Ana... Anasi?" Kanisa likacheka mpaka nyuma.

Anaeli akatoka kwenye kwaya, joho lake la buluu likipeperuka, akaichukua karatasi.

"Mzee, samahani, mwandiko huu mimi nausoma. Koikai Lukumay wa Oldonyo Sambu na Anaeli Nanyaro wa Sekei. Ni mara ya kwanza." Akatazama chini ya karatasi, akatabasamu, akaikunja. "Na hapa kuna mstari mmoja ambao si wa washarika."