Ngao za Jua na Swichi ya Jirani

Kila asubuhi, jua likiwa bado limejificha nyuma ya miti ya pekani, Dessa Tidwell alianza kazi zake bila kukumbushwa. Alifungua madirisha yote ya trela, nyumba yao ya magurudumu iliyoegeshwa kambini kando ya ziwa, na tundu la paa ili ubaridi uliobaki uingie. Alitoa jiko dogo nje, kwa sababu katika Julai ya Texas anayekaanga mayai ndani ya trela hujikaanga mwenyewe. Aliloweka taulo mbili, akazikamua, akazilaza juu ya barafu kwenye sanduku la vinywaji. Saa tatu, jua lilipoanza kupiga bati, alifunga kila kitu, akawasha kiyoyozi, kisha akafanya kazi aliyoipenda kuliko zote. Alitundika ngao zake.

Zilikuwa ngao saba za kitambaa kinachong'aa kama sahani mpya ya bati, kila moja imekatwa kwa kipimo cha dirisha lake na kupindwa ukingo kwa uzi mwekundu. Jua likizipiga, linarudishwa lilikotoka. Dessa, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alizishona kwa mkono tangu Machi hadi Mei, kila siku baada ya shule, mpaka kidole chake kikaota sugu.

Hakuzishona kwa urembo. Kiangazi kilichopita Shangazi Verna, ambaye ndiye aliyemlea, alianguka ndani ya trela hilihili, katikati ya meza na sinki. Joto lilikuwa limempiga. Uso ulikuwa mwekundu na mkavu, na ulimi ulikuwa mzito hata akashindwa kulitaja jina la Dessa. Alilazwa siku tatu, na daktari akamwonya kwamba mwili ukishapigwa hivyo, mara ya pili huanguka upesi zaidi.

"Basi mwaka huu tubaki nyumbani," Dessa alimsihi Machi hiyo.

"Thubutu!" alijibu Shangazi, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kutosha basi zima, kwa kuwa aliendesha basi la shule. "Miezi tisa nawasikiliza watoto sitini wakipiga kelele mgongoni mwangu. Wiki mbili za ziwa langu sizitoi kwa mtu."

Kwa hiyo Dessa alishona. Na kweli, kwa ngao zile, kiyoyozi chao kikuukuu, kilichokohoa kama mvutaji tumbaku, kiliweza kulipoza trela hadi jioni.

Uwanja wa jirani ulikuwa na trela la akina Pruitt, jipya, refu kama basi, lenye viyoyozi viwili. Walikuwa na mbwa mzee, Otis, aliyewafuata kila walikokwenda. Mtoto wao, Colby, alikuwa na miaka kumi na mitatu na mdomo usiolala.

"Habari za tanurini?" aliuliza kila alipopita. "Mikate imeiva?"

"Imeiva. Njoo nikuzibe nao mdomo."

"Shangazi yako je? Ameiva upande mmoja au pande zote?"

Hapo Dessa aligeuka akaenda zake. Mzaha kuhusu trela aliuweza. Mzaha kuhusu Shangazi uliingia ndani ukakaa.

Siku ya nne, ngao zilitoweka. Jioni Dessa alizianika kwenye kamba kama kawaida, na asubuhi alikuta mbili tu. Tano alizipata ufukweni mwa ziwa. Zilikuwa zimefungwa pamoja kwa kamba ya kijani kuwa chelezo, zimejaa matope, na uzi mwekundu umening'inia kama utumbo wa samaki. Kamba ya kijani ilikuwa ya mashua ya akina Pruitt. Kila mtu kambini aliijua.

Alizibeba zikichuruzika maji hadi mlangoni kwao. Colby alitoka na mama yake.

"Wewe umefanya hivi," Dessa alisema.

Colby alizitazama ngao, akatazama juu ya miti. "Labda ni upepo."

"Upepo unafunga mafundo?"

"Usinipigie kelele. Sijagusa matambara yako."

"Kipenzi," Bi Pruitt alisema kwa upole wa kumfukuza, "mwanangu akisema hakugusa, basi hakugusa. Pole sana, hata hivyo."

Shangazi Verna naye hakutaka ugomvi. "Achana nao. Tutazitia viraka," alisema. Lakini viraka havishonwi kwa saa moja. Mchana ule kipimajoto cha nje kilisoma digrii mia na nne za Farenhaiti, yaani arobaini za Selsiasi, na ndani, jua likiingia kwa madirisha matano yaliyo uchi, kiyoyozi kilikohoa bure. Kufikia saa tisa uso wa Shangazi ulikuwa umeanza kuwiva. Dessa alimwekea taulo shingoni, kwapani na miguuni, akazibadilisha zilipopata joto, akamnywesha maji kidogo kidogo.

"Nitajie jina langu," alimwambia kila baada ya dakika chache.

"Dessa. We mtoto, jina lako silisahau."

"Nitajie tena."

Alifanya hivyo saa mbili nzima. Mikono ilipoza, moyo ulichemka. Kupitia dirishani alimwona Colby amekaa chini ya turubai lao la kivuli, anakula tikitimaji na kutema mbegu kwa mbali. Dessa alizihesabu zile mbegu. Kila moja aliiandika moyoni kama deni.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, aliwaona akina Pruitt wakipakia mashua, wakipanda pikapu na kuelekea upande wa pili wa ziwa. Viyoyozi vyao viwili viliendelea kuvuma, vikipoza nyumba tupu. Shangazi alikuwa amelala na taulo shingoni, nusu ya madirisha yamezibwa kwa maboksi.

Dessa alitoka polepole. Katika kambi kama zile kila uwanja una nguzo fupi ya umeme, na nguzo hiyo huwa nyuma ya trela, upande usio na mlango. Kwa hiyo hakupita mbele ya trela la akina Pruitt hata hatua moja. Alizunguka nyuma, akainua kifuniko cha nguzo, akaiona swichi kuu. Akaishusha.

Tak.

Viyoyozi vilikata roho. Ukimya ule ulikuwa mtamu kuliko chai ya barafu. Dessa alirudi, akaketi kwenye kiti chake akitazama bati refu likilambwa na jua. Rudi sasa, Colby, aliwaza. Rudi uingie tanurini. Barafu iyeyuke, nyama ioze, kitanda chako kiwe kikaango. Kisha nitakuuliza: mikate imeiva?

Alikaa hivyo kama dakika arobaini, akitabasamu peke yake. Lakini raha ya kisasi ilitaka kuonwa kwa karibu. Akainuka akaenda upande wa mbele, achungulie vitu vinavyoyeyuka. Ndipo alipoiona karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha mlango, kwa herufi kubwa: MBWA YUMO NDANI. KIYOYOZI KINAWAKA. UMEME UKIKATIKA, TAFADHALI TUPIGIE. Chini yake namba ya simu.

Otis! Yule mbwa mzee, kiziwi, aliyekuwa akipanda pikapu kila siku. Leo lami ilikuwa ya moto mno kwa nyayo zake, na kwa watu wa kambi hizo mbwa ni mtu wa nyumbani: kunapokuwa na joto anaachwa ndani penye ubaridi, mlango umefungwa.

Dessa alivuta kitasa. Hakikufunguka. Alikimbia nyuma, akaipandisha swichi. Viyoyozi vyote viwili viliamka kwa mkupuo, friji nayo ikaamka, na swichi, kwa kuzidiwa na umeme, ikaruka ikashuka tena. Akaipandisha. Ikashuka. Akaipandisha mara ya tatu huku machozi yakimtoka. Ikashuka.

Hapo alielewa kwamba hakuna njia ya kulifuta jambo hili kimyakimya. Alikimbia nyumbani akamtikisa Shangazi.

"Shangazi! Otis yuko ndani! Umeme wao… mimi… mimi ndiye niliyezima!"

Shangazi Verna alifumbua macho, akamtazama kwa muda usiozidi pumzi moja. "Taulo zote. Ndoo ya maji. Na ufunguo mdogo wa sanduku la mizigo."

"Wetu?"

"Wetu, wao, wa nani sijui. Karibu matrela yote yana ufunguo uleule. Kimbia!"

Alitoka juani yeye mwenyewe, kwenye jua aliloonywa, namba ya karatasi ile akiipiga kwenye simu huku akitembea. Ufunguo uliingia kwenye mlango mdogo wa mizigo pembeni mwa trela, ukazunguka. Dessa alitambaa gizani kati ya viti vya kukunja na mabomba, akausukuma kwa mabega ubao wa kitanda uliokuwa juu yake, akatokea chumbani.

Joto lilimpiga usoni kama mlango wa jiko uliofunguliwa. Aliijua harufu hiyo. Ilikuwa harufu ya mwaka jana, ya siku Shangazi alipoanguka. Otis alikuwa amelala mlangoni, pua ameibana kwenye ufa wa chini, ulimi nje, mbavu zikipanda na kushuka upesi. Dessa aliufungua mlango kwa ndani, wakamburuta hadi kivulini.

"Tumbo na nyayo," Shangazi aliamuru. "Maji ya kawaida, siyo ya barafu! Mpepee. Usimlazimishe kunywa."

"Otis, amka. Otis, tafadhali amka."

Pikapu ilifika ikipiga breki, vumbi likitangulia. Colby aliruka kabla haijasimama, akapiga magoti, akakikumbatia kichwa cha mbwa wake. Dessa aliendelea kupepea. Kisha Otis alitikisa mkia, pigo moja zito mchangani, akaanza kulamba maji mkononi mwa Colby.

Bi Pruitt aliangua kilio. "Mungu awabariki! Umeme wa kambi hii mbovu! Dessa, mwanangu, umemwokoa. Nasi tulikufanyia vile jana."

Dessa aliutazama mkono wa Bi Pruitt ulioshika bega lake. Ilikuwa rahisi sana. Asingesema kitu, angekuwa shujaa hadi mwisho wa kiangazi. Alimgeukia Shangazi. Shangazi alikuwa akikamua taulo tu, wala hakumwangalia.

"Umeme haukukatika," Dessa alisema. "Nilizima mimi. Sikujua Otis yumo, lakini nilizima makusudi, ili muungue kwa joto mkirudi. Kwa ajili ya ngao."

Bi Pruitt aliuondoa mkono wake.

"Ulitaka kumuua mbwa wangu kwa ajili ya matambara?" Colby alipiga kelele, akainuka na ngumi.

"Matambara yanayomfanya Shangazi yangu aishi! Mwaka jana alianguka kwa joto. Jana nusura aanguke tena, wewe unatema mbegu!"

Ngumi ya Colby ilishuka. Alimtazama Shangazi Verna kama anayemwona mara ya kwanza. "Sikujua," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni pambo tu. Mama, ni mimi. Nilitaka chelezo. Nilikudanganya."

Wakati huo Shangazi Verna alikaa chini ghafla, kwenye mchanga wenyewe, uso umewiva. Watoto wote wawili walimrukia. Dessa alichukua taulo, Colby akaenda mbio akarudi na maji, na Bi Pruitt akashika upepeo. Walimwingiza katika trela la akina Pruitt baada ya kuwasha viyoyozi kimoja kimoja, kama ilivyotakiwa, na Otis akajilaza miguuni pake.

"Nitajie jina langu," Dessa alinong'ona.

"Dessa Tidwell," alijibu Shangazi, "na leo una kesi."

Alipokunywa maji na rangi yake ikarudi, alizungumza bila kupaza sauti, jambo lililomtisha Dessa kuliko makelele.

"Colby alichezea kitu asichojua thamani yake, kisha akaongopa. Ni kosa, na mama yake yupo. Lakini wewe, Dessa, unajua joto linafanya nini. Umepigana nalo mwaka mzima. Ukalichukua hilohilo ukalifanya silaha. Ndiyo maana kosa lako ni zito zaidi."

"Alianza yeye, Shangazi."

"Alianza. Na hasira yako ilikuwa ya haki. Mimi nami nilikosea nilipokuambia uachane nao, kwa kuwa nilichoka kugombana. Tungerudi mlangoni kwao pamoja, na ile kamba mkononi, mara mbili, mara tatu, hadi tusikilizwe. Kudai haki hufanywa mbele ya mlango, watu wakuone. Kisasi huzunguka nyuma, nacho hakibishi hodi kuuliza nani yumo ndani."

Dessa alilia, akamwomba Otis msamaha kwanza, kisha Bi Pruitt, kisha, baada ya kuvuta pumzi ndefu, Colby.

Jioni ile Bi Pruitt alileta kitambaa kipya cha kung'aa, na watoto wawili wakaketi chini ya turubai la kivuli, sindano mkononi, uzi mwekundu katikati yao. Colby alishona kama anayefukua shimo, akajichoma kidole, akapiga ukelele.

Dessa alifurahi. Kidogo tu. Kisha akaivua kastabini yake, kikofia cha chuma kinachokinga kidole na sindano, akamsukumia upande wa pili wa meza.

"Vaa hii," alisema. "Zimebaki nne."