Picha Isiyo na Watu

"Dada'angu, hilo dera limekukosea nini mpaka ulizamishe kizani?"

Nasra aligeuka. Alikuwa ametundika dera la zambarau mlangoni mwa duka, katikati ya makelele ya soko la Mgandini, akilipiga picha za kuwatumia wateja. Kando yake, nyuma ya meza ya makava ya simu, alisimama kijana mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Nani kakuita?"

"Lete simu. Ona, kioo cha kamera kimejaa mafuta ya sambusa." Akakifuta kwa pindo la shati. "Sasa zunguka, jua liwe mgongoni mwako. Usiivute picha kwa vidole, sogea kwa miguu. Na kabla hujabonyeza, kagua pembe zote. Kisichohusika, kitoe."

Dera likawaka kama la bibi harusi.

"Unaitwa nani, mwalimu?"

"Kombo. Ada yangu ni namba yako."

"Makubwa haya!" alisema Nasra, na namba akaitoa.

Simu zikaanza.

"Habibi, picha ya leo umeiona?"

"Nimeiona. Umeshika simu mkono mmoja tena. Viwiko vibane mbavuni, roho yangu."

"Ungekuwa karibu ungevibana wewe."

"Astaghfirullah! Ngoja nilete posa kabla hujanimaliza."

Posa aliileta kweli. Wazazi wa Nasra walishatangulia mbele ya haki, na walii wake wa kumwozesha alikuwa kaka yake Rahimu, dalali wa viwanja pale Chumbageni, mtu wa kanzu nyeupe na manukato yanayofika mlangoni kabla yake. Rahimu alisema atajibu akishajua mposaji anatoka wapi.

Basi Nasra akaenda Moa, kijijini kwao Kombo huko pwani, na shangazi yake kumwamkia mama yake Kombo, Bi Asmahani. Akataka ampigie kaka picha ya kumlainisha moyo. Akaomba nyavu ziondolewe. Akangoja majirani wapite. Nyumba ya udongo akaificha nyuma ya shina la mnazi. "Mama, samahani, sogea kidogo," alimwambia Bi Asmahani, na mama wa watu akasogea. Pembeni yalibaki makaburi ya baba na babu zake Kombo. Hayo aliyakata baadaye kwenye simu. Ukabaki mchanga mweupe, minazi na maji.

"Kaka, tazama kwao palivyo pazuri," alimwandikia.

"Pazuri mno," Rahimu alijibu.

Tukumbushane, maana wapo wanaotaka tusahau. Mjerumani alipotaka mashamba ya mkonge aliandika kwamba ardhi ya Tanga haina mwenyewe, na wenyewe wanapika humo humo, moshi anauona. Uongo ule uliitwa sheria. Safari hii uliitwa picha. Rahimu alimpelekea mwekezaji ile picha: pwani tupu, haina nyumba, haina kaburi. Tingatinga likaingia Moa Ijumaa, wanaume wako msikitini, likaanza na kwa Bi Asmahani. Mtu wa mwekezaji, makaratasi mkononi, alimwonyesha ile picha kwenye simu: "Bibi, hapa nyumba iko wapi?"

Kombo alipiga siku ileile.

"Nasra, ile picha ya kwetu ulimpa nani?"

"Kaka. Kuna nini, mpenzi?"

"Mama yangu yuko chini ya turubai. Wewe na kaka yako mlipatana nini?"

"Kombo, wallahi..."

"Usimwapie Mungu." Simu ikakatika.

Nasra alimkuta Rahimu anakunywa chai.

"Kaka, umewaondoa watu kwa picha yangu!"

"Umewaondoa wewe. Mimi nimetuma tu." Akamega mkate. "Na ukifungua mdomo, posa naitupa, na nyumba hii usiikanyage."

Nasra alitoka bila kuvua buibui. Moa kulikuwa na mkutano wa kijiji juu ya ubomoaji ule, ofisa wa ardhi amekaa kwenye kiti pekee chenye mto. Nasra akasimama mbele ya wanaume, akainua simu.

"Picha mnayoitumia niliikata kwa mkono wangu. Nzima ni hii." Simu ilikuwa bado na ile ya awali, makaburi yote yamo. Zilikuwamo na nyingine zilizoharibika: Bi Asmahani na nyavu mkononi, nyumba, majirani wakicheka.

Mkutano ulilipuka. Ofisa akaamuru tingatinga lisimame mpaka uchunguzi ufanyike. Nyumba zilizokuwa zimesimama zikapona. Iliyokwisha kuanguka hainyanyuliwi na amri.

Kombo akamfuata. "Nisamehe. Nilikudhania vibaya."

"Ningekuwa wewe, ningedhania."

"Rahimu akikataa, twende kwa kadhi atuozeshe. Nakutaka, Nasra."

Nasra alipiga magoti kwanza mbele ya Bi Asmahani, aliyekuwa akichambua misumari kwenye kifusi. "Shikamoo, mama. Nisamehe."

"Marahaba. Nimekusamehe, mwanangu, Mungu shahidi." Aliendelea kuchambua. "Lakini uliniambia nisogee, nikasogea. Kwangu mwenyewe! Kila nikikusikia nitakuwa nasogea. Nyumba moja hatutakaa."

"Mama!" alisema Kombo. Bi Asmahani hakuinua uso.

Kombo alimsindikiza Nasra mpaka kwenye bodaboda.

"Nitakupigia," alisema mwisho.

"Usipige. Mjengee mama yako nyumba."

Alipanda, akakaza mtandio. Dereva akauliza ampeleke wapi. Nasra akamwambia aondoe tu pikipiki, watajua mbele.