Nani Analipa Patente ya Viateur?

Muheto iko juu, kwenye vilima vya Masisi. Asubuhi ukungu unafunika nyumba, na mtu humsikia jirani akikohoa kabla ya kumwona. Mama Dorothée aliishi huko na binti yake, Emérita. Walilima maharagwe na muhogo. Siku za soko mama alipanda moto, yaani pikipiki ya abiria, hadi Kitshanga. Huko alikuwa na meza ya kuuzia maharagwe.

Mume wake aliitwa Viateur Nsengimana. Emérita alipokuwa bado mdogo, baba huyo alikwenda kuchimba kasitariti, mawe ya bati, katika pori la Walikale, upande wa Bisie. Shimo likaanguka. Wenzake walirudi wakasema alikuwa ndani. Mwili haukupatikana. Mama Dorothée aliwasikiliza, akawashukuru, akaenda kupika. Hakulia. Hakukuwa na matanga. Kila jioni aliendelea kumwekea mumewe chakula, na kila asubuhi sahani ilikuwa tupu. Emérita hakuthubutu kuuliza nani aliyekula.

Emérita alipomaliza sekondari, alitaka kusomea uuguzi Goma. Shirika moja la kanisa lilitoa bourse, yaani msaada wa masomo, kwa wanafunzi wasio na uwezo. Fomu iliuliza: Nani anakutunza? Anapata kiasi gani kwa mwaka? Analipa kodi gani? Mwanafunzi alipaswa kuleta ushahidi.

Jirani mmoja alimshauri aache wazi mahali pa kodi, wasije wakaonekana matajiri. Emérita hakufanya hivyo. Aliandika kwamba baba amekufa na kwamba mama ana meza sokoni. Halafu alichukua risiti ya patente, ile kodi ya wachuuzi wadogo, kutoka sanduku la mama. Hakuisoma.

Dossier, yaani faili za maombi, zilipokelewa Kitshanga na Mama Astrid wa shirika hilo. Alisoma karatasi za Emérita, akazirudia, kisha akaishika risiti.

“Umeandika papa yako alikufa?”

“Ndiyo, Mama. Alifia mu shimo.”

“Basi hii patente ya mwaka huu, ni nani alilipa? Iko jina yake.”

Emérita alitazama. Nsengimana Viateur. Wino ulikuwa mpya.

Mama Astrid alimpigia simu karani wa kodi. Karani alimjua mtu huyo vizuri. Huja na koti refu la kijani na kofia, alisema. Hutaja jina kwa sauti ya chini sana, hulipa, huondoka. Asubuhi hiyo hiyo amekuja kulipa sehemu nyingine, na siku ya soko atarudi kumalizia.

Emérita alirudi nyumbani. Baba alipokwenda kuchimba aliliacha koti lake la kijani, kwa sababu porini kuna joto. Tangu hapo lilining'inia nyuma ya mlango. Aliligusa. Lilikuwa limelowa, na pindo lake lilikuwa na tope jipya.

Hakumwambia mama neno. Siku ya soko alitangulia Kitshanga, akasimama karibu na ofisi ya kodi. Ukungu ulikuwa mzito. Watu walitokea na kupotea kama moshi. Ndipo akaliona koti likipita mbele yake, mabega yameinama kidogo, kama baba alivyotembea. Mtu huyo aliingia. Emérita alimfuata hadi mlangoni.

“Viateur,” mtu wa koti alisema polepole.

Emérita aliita, “Papa?”

Mtu aligeuka. Chini ya kofia kulikuwa na uso wa mama yake.

Walikaa nje kwenye jiwe. Mama alivua kofia, akaishika magotini. Alisema chakula cha jioni alikila yeye mwenyewe, alfajiri, kwa sababu kukitupa kulimuumiza.

“Na koti, Mama?”

“Siku ya kulipa navaa koti yake. Vile njo anakuya kulipa yeye mwenyewe. Jina yake ikitoka mu karatasi ya serikali, atabakia wapi? Kaburi hana.”

Emérita alimshika mkono, wakaenda pamoja kwa Mama Astrid, wakamweleza yote. Mama Astrid hakumgombeza mama.

“Mama Dorothée, kodi unalipa wewe, na jasho ni yako,” alisema. “Lakini karatasi inasema Viateur iko muzima, anauza, anatunza mutoto. Watu wa bourse watasema Emérita anadanganya.”

Akawaeleza njia. Wapeleke mashahidi kwa tribunal de paix, mahakama ndogo ya eneo. Jaji anaweza kutangaza kifo cha mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Kisha état civil, ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo, itaandika kifo hicho. Kwa karatasi hiyo, ofisi ya kodi itaweka patente kwa jina la mama. Katika fomu waandike mapato yote ya yule anayemtunza mwanafunzi, shamba na meza, bila kuficha. Waongeze barua ya kueleza kwa nini risiti ya zamani ilikuwa na jina la baba.

“Kulipa kodi kidogo hakumunyimi mutoto bourse,” alisema. “Kunaonyesha kama mapato iko kidogo. Kuficha njo kunaharibu.”

Mama aliuliza, “Na akirudi?”

“Akirudi, tribunal itafuta ile hukumu. Sheria haimufungii mulango.”

Papa Karangwa, aliyechimba pamoja na Viateur, alikubali kuwa shahidi. Mbele ya jaji alisema jambo ambalo hakuwa amelisema kijijini. Shimo lilipoanguka, walimsikia Viateur akigonga jiwe kutoka ndani. Na wao waligonga, kumjibu. Walichimba, wakagonga, wakachimba. Baadaye ardhi ilinyamaza.

Hapo Mama Dorothée alilia. Alilia njiani, alilia nyumbani, na watu wa Muheto wakaja kukaa naye. Matanga yalifanyika, maombi yakasomwa, na jina la Viateur likatajwa kwa sauti kati ya marehemu.

Emérita alirudisha dossier yenye hukumu ya jaji, risiti mpya kwa jina la mama na karatasi nyingine zote. Safari hii Mama Astrid hakuona la kuuliza. Kabla masomo hayajaanza, jibu lilifika: bourse imekubaliwa. Leo Emérita anasomea uuguzi.

Habari ilienea sokoni. Asubuhi moja ya ukungu, mwanamke alisimama mbele ya meza ya Mama Dorothée bila kununua kitu. Nyuma yake alitokea mwingine, kisha wengine. Walifungua vitambaa vyao. Kila mmoja alikuwa na risiti mpya, na kila risiti ilikuwa na jina la mume ambaye pori halikumrudisha.

Mama Dorothée aliwasogezea benchi.

“Mukae, dada zangu,” alisema. “Nani alimuona mara ya mwisho? Tuanzie pale.”