Mkono wa Bi Chiku

Ilianzia ndani ya sala ya adhuhuri. Bi Chiku alifunga mikono kifuani, ule wa kushoto ukachomoka. Akaurudisha. Ukachomoka tena, ukapunga hewani kama unamwita mtu, bangili zikalia. Mwatum, mke wa mwanawe, aligeuka kutazama mlangoni. Hapakuwa na mtu.

Hiyo ilikuwa Chumbageni, mwaka 1954. Baada ya siku chache mkono ule ukawa hautulii ila mwenyewe akilala. Ulirusha vikombe, ulirarua chandarua, ulimpiga Mwatum usoni kila alipomlisha uji.

"Si mimi, mwanangu," Bi Chiku alikuwa akisema huku analia.

Mwatum alijua si yeye, lakini shavu liliuma vilevile.

Hatibu, mumewe, alimleta mganga Jumbe kutoka Mwera. Jumbe akafukiza ubani, akasema ni jini, limetoka Pemba, limefuatana na mtu. Nyumbani humo mtu wa Pemba alikuwa Mwatum peke yake. Alieleza tena kwamba mama aliteleza kisimani mwezi uliopita akagonga kichwa, hakuna aliyemsikiliza. Majirani wakaacha kuja kuazima kinu. Hatibu akamwambia mkewe kwamba mama asipopona, atamrudisha kwao Pemba.

Mchana mmoja, jua likiwa la utosi, Mwatum alisikia bangili zikilia kwa kasi chumbani, akanusa harufu ya damu mbichi ilhali hakuna kilichochinjwa, akaenda taratibu ukumbini huku ameshika ukuta, na alipofunua pazia akamwona mama mkwe amelala macho wazi, mkono unajitupa huku na huku, na pembeni yake godoro limebonyea kama mtu mzito ameketi pale, kisha mkono ukasimama ghafla, ukamwelekea yeye, na lile bonde la godoro likainuka polepole.

Hakungoja ruhusa ya mtu. Alimpakia mama kwenye mkokoteni wa jirani yao Uweso, wakaenda hospitali. Swali la kwanza la daktari lilikuwa kama mgonjwa amewahi kugonga kichwa. Mwatum nusura alie kwa hasira. Daktari akaeleza kuwa damu imevilia chini ya fuvu, inaubana ubongo, nayo ndiyo inayourusha mkono. Wakatoboa fuvu, ikatoka damu nyeusi. Mkono ukatulia.

Hatibu alikuja na khanga mpya badala ya kuomba radhi. Jumbe alikuwa anatangaza kwamba ubani wake ndio uliofanya kazi.

Walipobaki wawili, Bi Chiku, kichwa kimefungwa bandeji, alimwita mkwewe karibu.

"Damu imetoka," alinong'ona. "Yule aliyekuwa akikaa nami hakutoka nayo. Alisimama pale ukutani wakati wananitoboa. Akaniuliza ni nani anayenilisha."

"Ukamjibu nini, mama?"

"Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Nikamtajia jina lako."

Mwatum hakuwa na nguvu hata ya kukasirika. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaikalia mikono yake yote miwili.